Nani Aliyewaita Watu wa Visiwani Wavivu?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu nimjibu ndugu mmoja aliyesema mbele ya mkutano kwamba hesabu zimethibitisha uvivu wa watu wa visiwani. Alikuwa na jedwali mkononi: Iceland juu, Morisi chini yake, na sisi wa Unguja na Pemba akatuweka palipompendeza. Wengi walicheka. Mimi sikucheka, maana karatasi za namna hiyo nimezijaza kwa mkono wangu mwenyewe, na najua zinavyozaliwa.

Hesabu yenyewe huitwa kiwango cha ushiriki katika nguvukazi, yaani katika kila watu mia wenye umri wa kufanya kazi, ni wangapi walio kazini au wanaoitafuta. Lakini umri gani? Iceland kwa desturi imehesabu watu wa miaka 16 hadi 74. Morisi huanza miaka 16 bila ya kikomo, hata ajuza wa miaka 90 aliyelala kitandani yumo katika wale mia. Je, ndugu yetu aliyajua hayo? Kama aliyajua, mbona alinyamaza?

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tangu 1989 wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakipanda mwani wa kuuzwa ng'ambo. Nenda ukamwulize mmoja wao, kama nilivyouliza mimi: "Shikamoo, bibi. Wiki iliyopita ulifanya kazi?" Ukifika wakati wa maji mafu atakujibu kwamba hakufanya, maana mwani huendewa kwa bamvua. Wengine wakati huo wako uani wanasokota kamba za makumbi, nao husema, "Sina kazi, mwanangu, nipo nyumbani tu." Karani mvivu huliandika neno lile kama alivyolisikia, asiulize la pili, na mtaa mzima wa wachapa kazi huingia kitabuni kuwa si kitu. Basi mvivu hapo ni nani?

Na tukilinganisha miaka, mambo huzidi kuharibika. Katika 1982 wataalamu wa hesabu za kazi waliokutana Geneva walikubali kwamba hata alimaye muhogo wa kula yeye na wanawe aweza kuhesabiwa katika watenda kazi. Katika 2013 wakabadili: ajira ni kazi ya ujira au faida, alimaye chakula cha nyumbani huandikwa mahali pengine, na kama hatafuti kazi ya kulipwa, yu nje ya nguvukazi. Jembe ni lile lile, shamba ni lile lile, jua ni lile lile. Kisiwa kilichoanza kuitumia kanuni mpya huonekana kama kwamba watu wake wamelala ghafula. Sisemi kanuni mpya ni mbaya, ina manufaa yake. Ubaya ni kuunga hesabu ya kale na ya sasa kwa mstari mmoja, kisha kuhubiri juu yake.

Huko Morisi, baada ya sheria ya 1970 ya viwanda vya bidhaa za kupelekwa ng'ambo, wanawake kwa maelfu waliingia kushona nguo, na hesabu yao ikapanda. Je, mama zao waliobaki nyumbani hawakuwa wakichoka?

Na Iceland, ambayo ndugu yetu aliisifu sana, ingemjibu yenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake wapatao tisa katika kila kumi waliacha kazi zao zote, za ujira na za nyumbani. Shule zikafungwa, viwanda vya samaki vikasimama, wanaume wakaenda ofisini wamewashika watoto mkono. Siku moja ilitosha kuionyesha kazi ambayo makarani hawakuwa wakiiandika.

Mkutano ujao nitaleta azimio: jedwali lo lote la kazi lisinakiliwe katika karatasi hii pasipo kuandikwa chini yake umri uliohesabiwa, kanuni ya mwaka gani, na wiki iliyoulizwa, na kwa vijiji vya pwani, kama yalikuwa maji mafu au bamvua. Ndugu yetu namwomba ahudhurie, na jedwali lake aje nalo.