Waliotemwa na Klabu Ndio Wanakula Nafasi za Madogo wa Kwale? Cheki Hesabu Hii

Msimu wa ligi ukiisha tu, simu yako inajaa posta za kuagana. Klabu inaweka picha ya mchezaji, inaandika asante kwa huduma yako, tunakutakia kila la heri, imeisha hiyo. Wenzetu wa Tanzania hata wameipatia jina, mchezaji "amepewa Thank You". Huku kwetu magazeti husema ametemwa. Kitaani tunasema jamaa amepigwa kalamu.

Kinachofuata unakijua. Mashabiki wanabishana kama alistahili kuachwa ama ameonewa, halafu wanaanza kukisia anaenda wapi. Gor? Bandari? Police? Baada ya siku mbili stori imekufa.

Lakini kuna swali moja watu hawaulizi, na ndilo linamhusu dogo anayekimbiza mpira jioni kwa kiwanja cha vumbi hapa Bongwe. Huyo aliyetemwa akipata timu mpya, amekalia kiti cha nani?

Viti ni vichache, bana

Ligi kuu yetu ina timu 18. Tuseme kila timu inabeba wachezaji 30. Hiyo ni nafasi 540 Kenya nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale peke yake, na hapo hujagusa Mombasa, Kilifi wala Tana River. Na kwa miaka mingi huko juu Pwani imekuwa ikibebwa na Bandari, timu ya KPA. Ile iliyochukua Shield mwaka wa 2019 ikaenda mpaka Kombe la Mashirikisho Afrika.

Sasa fanya hesabu ya mfano. Kila timu iteme wachezaji 8. Hapo umefungua nafasi 144. Poa, sivyo? Ngoja kwanza. Umefungua nafasi 144, lakini pia umemwaga barabarani watu 144 ambao tayari wamecheza ligi kuu. Kama 100 kati yao watachukuliwa na timu zingine, dogo ambaye hajawahi kucheza huko amebakishiwa nafasi 44. Nchi nzima.

Ukiwa South Coast hii hesabu unaielewa bila kufundishwa. Base Titanium ilipomaliza uchimbaji Desemba 2024, mafundi wa mitambo, wa umeme na madereva wa malori makubwa waliingia sokoni kwa mpigo mmoja. Kijana aliyemaliza kozi yake ya ufundi mwezi huohuo amejipata foleni moja na mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi. Wewe ungekuwa mwajiri, ungeita nani kwanza?

Klabu nazo zinafikiria hivyohivyo. Kocha anajua akipoteza mechi nne mfululizo, yeye ndiye ataandikiwa asante. Hana muda wa kumlea dogo mwaka mzima. Mchezaji aliyetemwa anakuja bila ada ya uhamisho, anajua presha ya mechi kubwa, na kocha ashamuona kwa macho yake.

Waaustralia wamejaribu kuitatua

Kuna ligi moja ambayo hili tatizo imeliwekea sheria kabisa. Ni AFL ya Australia, ule mpira wao wa umbo la yai unaopigwa kwa mguu na ngumi. Usiseme haituhusu. Aliir Aliir, mmoja wa mabeki wakali kule, alizaliwa kambi ya Kakuma, Turkana, mwaka wa 1994. Sydney Swans walimchagua 2013, na 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kwa kikosi bora cha msimu cha ligi nzima.

AFL nayo ina timu 18. Kila mwaka kunakuwa na drafti, yaani klabu zinachagua vijana kwa zamu, na timu iliyomaliza mkiani ndiyo inaanza kuchagua. Sheria yao inasema kila klabu lazima ijaze angalau nafasi tatu kupitia drafti. Wakati mwingine anayejaza nafasi ni mchezaji wa akiba aliyepandishwa, lakini ujumbe ni uleule: lazima uteme watu ndio upate mahali pa kuweka wapya. Huwezi kukaa na kikosi kilekile milele.

Je, waliotemwa kule wanapotea? Hapana. Tangu 2012, mchezaji aliyetemwa anaweza kusaini na klabu yoyote inayomtaka bila kupitia drafti. Anaweza pia kurudi kwa drafti na kushindania nafasi na watoto wa miaka 18. Na hapo ndo utamu wenyewe uko, kwa sababu hata kwa hao walio na sheria, mkubwa bado anaweza kumfungia mdogo mlango.

Cheki mwaka wa 2020. Corona iliingia, pesa zikapungua, AFL ikakata idadi ya juu ya wachezaji kwa kila klabu kutoka 47 hadi 44. Maana yake wengi zaidi wametemwa na viti vimepungua kwa wakati mmoja. Na mwaka huohuo, jimbo la Victoria, ambako vipaji vingi hutoka, ligi ya vijana haikuchezwa. Sasa weka kichwa chako kwa kichwa cha skauti. Mkono huu uko na mtu uliyemtazama misimu mitano. Mkono ule uko na dogo ambaye hujamuona akicheza mwaka mzima. Utahatarisha kazi yako na nani?

Majak Daw, mzaliwa wa Sudan, alitemwa na North Melbourne mwisho wa 2020. Mwanzoni mwa 2021 Melbourne wakampa nafasi. Alistaafu mwisho wa msimu huo bila kuwachezea mechi hata moja ya kikosi cha kwanza. Simsemi vibaya, jamaa alikuwa amefungua njia kwa Wasudan wengi kule. Ninachosema ni kwamba jina linalojulikana si hakikisho.

Na hapo ndo jibu lilipo. Aliyetemwa hamshindi dogo kwa sababu ni mkali kumliko. Mara nyingi anamshinda kwa sababu ameonekana. Anayejulikana anampita anayejua.

Rudi nyumbani sasa

Kenya hatuna drafti. Hatuna zamu. Klabu inasajili inavyotaka, na mwaka wowote ligi ikiyumba, soko linajaa wachezaji wazoefu.

Agosti 2019 SportPesa walijiondoa kwa udhamini. Ligi ikaanza bila mdhamini, mishahara ikakwama. Sony Sugar ikakosa kufika mechi tatu ikafukuzwa ligi msimu ukiendelea. Kikosi kizima kikabaki kinatafuta pa kwenda. Miezi michache baadaye Corona ikafunga viwanja, msimu wa 2019/20 ukakatwa, Gor Mahia wakapewa ubingwa. Kwa hivyo sisi pia tulipata ile hali ya Australia: wazoefu wengi sokoni, na mashindano ya chini yamesimama, hakuna mahali pa dogo kuonekana.

Lakini 2021 ikatokea kitu ambacho kila mtu anayependa mpira wa Kenya anafaa kukikumbuka. FIFA iliwafungia AFC Leopards kusajili kwa sababu ya madeni ya kocha na wachezaji wa zamani. Hakuna mpya wa kununua, hakuna aliyetemwa wa kuokota. Kocha wao Mbelgiji, Patrick Aussems, yule aliyewahi kuifundisha Simba, akalazimika kutegemea chipukizi. Na Ingwe hawakuzama. Wale madogo walicheza ligi kuu na timu ikabaki juu.

Fikiria hilo vizuri. Walikuwa na uwezo hata kabla ya ile marufuku. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza klabu haikuwa na mtu mwingine wa kumwangalia.

Aliyetemwa si adui yako

Kabla uanze kumtupia maneno, kumbuka huyo jamaa naye ana familia. Na wakati mwingine hata hajatemwa kihalali. Kanuni za FIFA ziko wazi: klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua ya kudai, unaipa angalau siku 15, na isipolipa unaweza kuvunja mkataba na bado udai haki yako. Mkataba ukibakisha miezi sita, uko huru kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Wachezaji wengi wa hapa kwetu hawayajui haya, ndio maana wanaondoka mikono mitupu.

Tena akirudi mtaani anaweza kusaidia. SS Assad ya Ukunda ilifika mpaka NSL, daraja moja tu chini ya ligi kuu. Timu ya daraja la chini ikipata mtu aliyecheza huko juu, madogo wanaomzunguka wanajifunza vitu ambavyo hakuna kocha wa kujitolea angewafundisha. Ligi kuu akikuziba njia, daraja la chini anaweza kukuonyesha njia.

Tatizo ni kukosa kanuni. Na kanuni yenyewe haihitaji pesa. FKF iseme tu kwamba kila msimu, kila timu ya ligi kuu isajili angalau wachezaji watatu ambao hawajawahi kucheza ligi hiyo, kutoka ligi za chini ama shule. Watatu mara 18 ni nafasi 54. Hizo 54 hakuna aliyetemwa anaweza kuzigusa, na zilizobaki wote wazishindanie kiume.

Usingoje FKF

Wakati tunasubiri, kuna vitu viwili dogo wa Bongwe, Gombato ama Msambweni anaweza kuanza leo.

Kwanza, onekana. Kama shida kubwa ni kwamba skauti hajakuona, basi mtu ashike simu arekodi mechi zako. Mechi nzima, si ile video ya sekunde ishirini unapiga chenga moja halafu muziki. Kocha anataka kuona unafanya nini ukipoteza mpira. Kuvuka Likoni kwenda majaribio ni nauli, na ukifika huenda ukapewa dakika kumi. Video inavuka bila nauli.

Pili, hakikisha timu yako ya mtaa imekusajili rasmi. FIFA inatambua malezi ya mchezaji kuanzia miaka 12. Ukienda kucheza nje ya nchi, klabu zilizokulea zinaweza kudai fidia ya malezi, na ukiuzwa kati ya nchi na nchi, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa zilizokufundisha hadi miaka 23. Lakini hiyo yote inategemea rekodi. Bila jina lako kwa mfumo, ile timu iliyokununulia njumu haipati hata shilingi, na mwaka unaofuata haina ya kumnunulia dogo mwingine.

Kwa hivyo dirisha la usajili likifunguka tena na Bandari watangaze majina mapya, usiangalie tu nani ametoka wapi. Hesabu wangapi kati yao hawajawahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Hiyo namba ndiyo itakuambia kama mwaka huu kuna mtu alikuja kuangalia upande wetu wa feri.