Waya wa Fedha wa Nini?

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Tanga alitaka nimwagizie Dubai waya wa spika wa fedha. Bei yake ilizidi ya amplifaya. Nikamwambia, "Mwalimu, fedha hiyo mtengenezee mama bangili."

Fedha huishinda shaba kwa kupitisha umeme, sikatai, lakini kwa asilimia 6 tu hivi. Ongeza unene wa shaba kidogo, zimelingana. Dhahabu, ambayo watu huisifia sana, hata shaba haiifikii. Hupakwa kwenye pini kwa sababu haishiki kutu. Mwaka 2007 Mmarekani James Randi aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa masikio matupu waya wa dola 7,250 na wa kawaida. Hakuna aliyezichukua. Na Mwalimu anasikiliza kanda kuukuu za taarabu ya kundi la Black Star! Kisichokuwemo kwenye kanda, waya utakitoa wapi?

Mimi fundi ninagombana na kitu kingine: alumini iliyovishwa shaba. Kwa nje ni nyekundu, roli limeandikwa shaba, bei poa. Alumini hukinza umeme mara moja na nusu kuliko shaba, na zaidi. Tuseme sabufa iko mita 10 kutoka kwenye spika ya omu 4, na waya ni ule mwembamba wa milimita mraba 0.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Shaba halisi itakinza karibu omu 0.7, alumini ile hufika omu 1, robo ya spika yenyewe. Besi inalegea, kijana anakoleza sauti, amplifaya inaanza kukwaruza, kisha analetewa fundi spika "mbovu". Shaba ya milimita mraba 2.5, ile ya kuvutia soketi za nyumba, kwa umbali huo haizidi omu 0.14.

Hewa yetu ya chumvi nayo hugeuza ncha za shaba kuwa kijani. Kata, menya upya, kaza skrubu. Ni kazi ya dakika chache.

Shirika la Viwango lipite madukani likague maroli hayo. Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, omba wembe ukwangue uzi mmoja. Chini ya wekundu ikitokea nyeupe, mrudishie mwenye duka waya wake.