Riba Katika Mfuko wa Chama

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikumalizika, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu mwezi huu. Halmashauri ilileta shauri la kuanzisha mfuko wa kukopeshana: kila mwanachama atoe kitu kidogo katika mshahara wake, na atakayepatwa na shida akope humo, alipe kwa muda wa miezi 6, na juu ya deni atoe riba ya shilingi 5 katika kila 100. Shauri lilipokewa kwa makofi mpaka Mwandishi alipofika kwenye neno "riba". Hapo baadhi ya ndugu zetu Waislamu walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakasema kwamba hawataweza kutia hata senti moja katika mfuko wa namna hiyo, wala kuchukua kitu humo. Upande wa pili akainuka mwenzetu mmoja Mkristo, mtu tunayemheshimu sana, akajibu kwamba mambo ya dini yaachwe msikitini na kanisani, na hesabu waachiwe wenye kujua hesabu. Wengine wakacheka, wengine wakanuna, na mkutano ukaahirishwa.

Sisi twaona ya kuwa jawabu lile, ijapokuwa lilisemwa kwa nia njema, halikuwa na msingi. Mtu akisema fedha na izae fedha, amekwisha kutamka jambo analoliamini. Na asemaye isizae, naye kadhalika. Hesabu yenyewe haijui lipi katika hayo ni la haki. Basi kabla hatujapiga kura yafaa tutazame imani za watu zimefanya nini katika biashara hii ya kukopesha, huko zilikokwisha kupita.

Lakini kwanza tuseme mambo yalivyo katika ofisi zetu, maana katika mkutano kila mtu alinyamazia jambo hilo. Mikopo ya riba ipo tayari, tena haiko mbali. Ipo kwenye meza ya jirani. Shilingi 100 zichukuliwazo katikati ya mwezi hurudi shilingi 130 siku ya mshahara, na asiyeweza kurudisha zote hutoa zile 30 tu, na 100 zikabaki palepale. Twamjua mwenzetu mmoja aliyekopa shilingi 200 alipofiwa na mama yake, ili apate nauli na sanda na chakula cha matanga. Tangu siku hiyo imepita miezi 11. Kila mwezi ametoa shilingi 60. Amekwisha kulipa shilingi 660 kwa deni la 200, na deni lingali 200. Wazee husema kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye alianza kwenye matanga. Wala mkopeshaji wake si mtu asiye na dini. Twamwona kwenye ibada, na sadaka hutoa. Tukimwuliza, husema kwamba hakumlazimisha mtu.

Vitabu, basi, vyasemaje? Kurani, katika sura ya pili, yatenga biashara na riba, ile ikahalalishwa na hii ikakatazwa. Kisha yaagiza kwamba mdeni akiwa katika dhiki apewe muda mpaka atakapofarijika. Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo imo aya iliyo ndefu kupita zote katika Kitabu, nayo yahusu madeni: deni la muda liandikwe, mashahidi wawepo, na mwandishi asikatae kuandika. Sisi makarani twafurahi kuona kazi yetu ikitajwa mahali patukufu namna hiyo. Torati nayo, katika Kutoka, yamkataza Mwisraeli kumtoza riba maskini wa taifa lake, na yaamuru kwamba nguo iliyowekwa rehani irudishwe kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ndiyo mtu ajifunikayo usiku. Kumbukumbu la Torati laruhusu kumtoza mgeni, na ruhusa hiyo ilileta magomvi ya karne nyingi.

Ndugu yetu aliyesema riba ni shida ya Waislamu peke yao labda amesahau historia ya kanisa lake mwenyewe. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliwakataza makasisi kutoza riba. Mtaguso wa tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliamuru kwamba mla riba ajulikanaye wazi asipewe ushirika, wala asizikwe mazishi ya Kikristo. Mambo yalianza kulegea baadaye sana. John Calvin aliandika mwaka 1545 kwamba riba ya kiasi kwa mfanyabiashara si sawa na kumkamua maskini, na hata yeye hakutaka maskini atozwe. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu walisimama upande mmoja wa meza kwa karne nyingi, na Mkristo ndiye aliyehama kiti.

Katika safari hiyo ya Wakristo liko jambo moja litufaalo sana. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia huko Italia, watawa wa Mtakatifu Fransisko walianzisha nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani, ili wasiende kwa wala riba. Mtaji ulitoka katika sadaka. Lakini nyumba ilihitaji ghala la kutunzia rehani, na daftari, na mtu wa kuliandika, na mtu huyo alikula. Nani amlipe? Walipotoza kidogo kwa ajili hiyo, watawa wa Mtakatifu Dominiko wakapiga kelele kwamba hiyo ni riba ileile. Ugomvi uliendelea kwa zaidi ya miaka 50, mpaka Papa Leo wa Kumi, katika Mtaguso wa tano wa Laterani mwaka 1515, alipokata shauri: nyumba hizo zaweza kutoza kiasi cha kulipia gharama za kazi na watumishi wake, lakini zisitafute faida juu ya hapo. Tazameni jinsi swali lilivyogeuka. Waligombana miaka hiyo yote juu ya jina, na mwisho ikawapasa kuuliza: fedha hii yalipia nini, nayo yaishia wapi?

Jina peke yake laweza kumlinda dhalimu, na hapa hatuhitaji kwenda Italia. Unguja palikuwa na mkataba ulioitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba la karafuu akihitaji fedha, hakukopa. Aliliuza shamba lake kwa mwenye fedha, kwa sharti kwamba akirudisha bei ileile katika muda uliowekwa, shamba ni lake tena. Hata hapo katikati hakutoka shambani. Alibaki humo kama mpangaji, akalipa kodi. Msomaji ajuaye hesabu atakuwa amekwisha kuona kwamba kodi hiyo ilifanya kazi ya riba, na bei ile ilikuwa mkopo. Katika karatasi neno riba halikuandikwa popote; kulikuwa na kuuza, kununua na kupangisha, mambo matatu yaliyo halali kila moja kwa nafasi yake. Miongoni mwa wenye elimu walikuwako walioukubali mkataba huo na walioukataa. Mwenye shamba, muda ulipomwishia, aliondoka. Karafuu ziliposhuka bei na madeni yakazidi, serikali ya wakati ule ilitoa sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipite mikononi mwa watu wengine bila idhini ya Balozi wa Kiingereza. Hatutaji dini za waliokopesha, maana walikuwa wa dini mbalimbali, na karatasi ilikuwa moja.

Twasema haya tukijua kwamba kuna mwanachama atakayeleta shauri la kulifuta neno "riba" katika kanuni zetu na kuandika "faida" au "ahsante" mahali pake, na shilingi 5 zibaki kama zilivyo, zikiongezeka kila mwezi wa kuchelewa. Shauri hilo tumekwisha kulisikia barazani. Twalikataa mapema.

Wako waliofanya vizuri zaidi. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji huko Ujerumani, aliona wakulima wake wakiangamizwa na wakopeshaji, na mwaka 1864 akaanzisha chama cha mikopo katika kijiji cha Heddesdorf, akiongozwa na imani yake ya Kikristo. Riba aliitoza, ila ndogo. Wanachama wote walidhaminiana kwa mali zao zote, na viongozi walifanya kazi bila mshahara. Karne moja baadaye, mwaka 1963, Ahmad El Najjar, Mmisri aliyekuwa amesoma Ujerumani na kuziona benki za akiba za huko, alianzisha katika mji wa Mit Ghamr benki ya wakulima isiyotoza riba. Haikudumu hata miaka 10, lakini wengine waliifuata. Katika nchi zetu, Kenya ilipata benki mbili za namna hiyo mwaka 2008, na Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011. Benki za jamaa hii aghalabu hununua kitu na kumwuzia mteja kwa bei iliyozidi, inayotajwa wazi tangu mwanzo. Wako wasemao kwamba hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Sisi hatuwi wepesi kusema hivyo, maana iko tofauti moja ambayo mwenzetu wa shilingi 660 angeifahamu upesi: bei ikikwisha kutajwa haikui tena.

Wala mama zetu na dada zetu tusiwasahau. Upatu hauna riba, hauna karatasi, na twajua wachache sana waliowahi kukimbia na zamu ya wenzao. Kinachoulinda ni haya ya kuonana kila siku kisimani na sokoni.

Haya ya kuonana ndiyo pia iliyowasaidia Marafiki, wale ambao wasomaji wetu wa Kenya huwafahamu kwa misheni ya Kaimosi iliyoanza mwaka 1902. Huko Uingereza, katika karne ya 18, Rafiki aliyeshindwa kulipa madeni yake alitembelewa na wenzake, nao wakakagua madaftari yake. Akionekana alifanya biashara kwa uzembe au hila aliweza kutengwa. Ndiyo maana watu wasio wa dini yao waliwaamini kwa fedha. Hata hivyo wenzake walikagua madaftari ya mtu waliyemwona. Mwaka 1901 William Cadbury, Rafiki na mtengenezaji wa chokoleti, alipata habari kwamba kakao waliyoinunua kutoka kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno, ililimwa na watu waliotolewa Angola katika hali ya utumwa. Kampuni ilituma mpelelezi, ikaandika barua, ikangojea serikali zizungumze, na kununua hakukukoma mpaka mwaka 1909. Miaka 8, kwa watu ambao dini yao ilipinga utumwa tangu zamani! Hatusemi kwamba walikuwa wanafiki. Mlimaji wa São Tomé hakuwa mwenzao wa ibada, wala hakukaa benchi moja nao.

Sasa turudi kwenye mfuko wetu. Shauri letu ni kwamba ile riba ya 5 katika 100 iondolewe, na mahali pake kila mkopo, uwe mkubwa au mdogo, utozwe ada moja, mara moja, ya kiasi kitakachotosha karatasi, wino na gharama za benki. Na mwisho wa mwaka ikionekana imezidi, irudishwe kwa waliokopa. Deni lisiongezeke hata mtu akichelewa. Mgonjwa au mfiwa apewe muda, na asiye na udhuru wadhamini wake wawili waulizwe. Deni liandikwe na kusomwa mbele ya mkopaji, na daftari lifunguliwe kila miezi 3 mbele ya wanachama wote, majina yakiwamo. Hapa najua wengine wataona haya. Na waone.

Mshika hazina ametuambia waziwazi kwamba mfuko wa namna hii hautakua, na ya kuwa bei za vitu zikipanda, shilingi zirudizo zitakuwa pungufu kwa thamani kuliko zilizotoka. Neno lake ni kweli. Hatuna jibu la kulifuta, ila kwamba hasara hiyo itagawanywa juu yetu sote, kidogo kidogo, wala haitabebwa na mtu mmoja aliyefiwa. Asiyetaka kuibeba ana haki ya kusema hivyo mkutanoni, na kura yake itahesabiwa kama nyingine.

Barua zimfikie Mwandishi kabla ya tarehe 15, tutazipiga chapa kadiri ya nafasi, za kuunga mkono na za kupinga. Mkutano utakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mishahara itakuwa imekwisha kutoka siku hiyo, na mwenzetu atakuwa ametoa shilingi 60 nyingine.