Pweza Wawili wa Pete za Buluu

Juma hili tuwatazame pweza wawili wa ukoo mmoja. Wa kwanza hukaa kusini mwa Australia, penye maji ya baridi. Wa pili hukaa katika bahari zenye joto za Indonesia na Ufilipino. Wote ni wadogo, waenea kiganjani, na wakichokozwa pete zao hung'aa buluu. Pete za yule wa kusini ni ndogo. Za mwenziwe zafikia milimita 7 au 8. Mama wa kusini huyabeba mayai yake chini ya minyiri, na wanawe wakianguliwa hutambaa chini baharini. Watoto wa yule wa pili kwanza huelea majini.

Lakini sumu yao ni moja, ile ile ya samaki bunju. Jeraha huweza lisiume, kisha viungo hulegea na pumzi hukatika, ilhali mgonjwa huweza kuwa asikia yote asiweze kusema. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haijapatikana. Basi mwokoaji asipoteze wakati kuuliza ni pweza yupi, wala asimdhanie mgonjwa kuwa maiti: ampulizie pumzi mdomoni bila kukoma mpaka hospitali. Sumu ikiisha nguvu, mtu huweza kupona.