Makumbusho yauze maelezo, yasiuze mali

MACHI 2020 makumbusho katika sehemu kubwa ya dunia yalianza kufunga milango kutokana na ugonjwa wa corona. Mei mwaka huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilieleza kuwa kati ya makumbusho takriban 95,000 yaliyopo duniani, asilimia 90 yalikuwa yamefungwa, na kwamba karibu asilimia 13 huenda yasingefunguliwa tena.

Kwa mtu wa biashara, maana yake ni kwamba mapato ya getini yalikatika ghafla huku gharama zikibaki palepale. Mlinzi lazima alipwe, umeme wa kupoza chumba chenye michoro hauzimwi, na mchwa hawajui kama kuna karantini. The Metropolitan Museum of Art ya New York, ambayo haihesabiwi kuwa maskini hata kidogo, ilikadiria upungufu wa dola milioni 150 za Marekani.

Ndipo zilipoonekana njia mbili za kutafuta fedha. Ya kwanza ilikuwa kuuza vitu vyenyewe. Aprili 2020 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya Amerika Kaskazini kililegeza masharti yake kwa miaka miwili, ili fedha za kazi za sanaa zilizouzwa ziweze kutumika kutunza zile zilizobaki. Oktoba mwaka huo Brooklyn Museum ikapeleka mnadani mchoro wa "Lucretia" wa Lucas Cranach, mchoraji wa Ujerumani wa karne ya 16, ambao ulinunuliwa kwa takriban dola milioni 5.1.

Njia ya pili ilikuwa ya kimyakimya zaidi. Nchini Uingereza na kwingineko, wasomi wa historia ya sanaa waliokosa kumbi za kufundishia walianza kutoa mihadhara kwa njia ya mtandao, msikilizaji akilipia tiketi na sehemu ya mapato ikienda kuyasaidia makumbusho. Makumbusho mengine yaliandaa mihadhara na kozi hizo yenyewe. Kumbi zilipofunguliwa tena, wengi walidhani biashara hiyo itakufa, lakini haikufa. Hadi leo mtu anaweza kukaa kijijini kwake, akalipa, na kusikiliza saa nzima juu ya mchoro mmoja.

Mfugaji yeyote anaijua tofauti ya njia hizo mbili. Anayeuza ng'ombe hupata fedha nyingi kwa mara moja na zizi hubaki na nafasi wazi, wakati anayeuza maziwa hupata kidogo, lakini kesho anakamua tena. Mchoro wa Cranach umekwenda na hautarudi Brooklyn kirahisi. Mhadhara juu ya mchoro huohuo ungeweza kutolewa mara ishirini, kila mara kwa watu wengine, na mchoro ukabaki ukutani.

Wapo wanaosema hakuna mtu atakayelipia maneno wakati intaneti imejaa maneno ya bure. Uzoefu wa Uingereza unawapinga. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa ya nchi hiyo hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu. Mtu anaingia National Gallery ya London bila kulipa hata senti, anasimama mbele ya Van Gogh na kuondoka. Lakini jumba hilohilo linauza kozi za historia ya sanaa kwa mtandao, na zinanunuliwa. Kwa hiyo watu hao hawalipii kutazama, wanalipia mtu anayejua, aliyeandaa kazi yake, na ambaye wanaweza kumuuliza swali akajibu.

Ni kweli kwamba wengine waliamua kutoa bure. The Frick Collection ya New York ilianzisha Aprili 2020 vipindi vya kila Ijumaa jioni, mhifadhi akieleza kazi moja ya sanaa huku akipendekeza kinywaji cha kuambatana nayo. Vilipendwa sana na mwaka 2022 vikatolewa kitabu. Hata hivyo, Frick imejengwa juu ya utajiri wa tajiri wa chuma na makaa, Henry Clay Frick, na ina wafadhili wa kutosha. Asiye na mfadhili wa namna hiyo akiiga kugawa bure, atakuwa amejiongezea kazi isiyo na ujira.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Taarifa ileile ya UNESCO ya 2020 ilisema kuwa barani Afrika na katika nchi za visiwa vidogo zinazoendelea ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kuwapa watu chochote kwa njia ya mtandao. Si kwamba hayana cha kusema. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina vitu vilivyopatikana katika merikebu ya Santo Antonio de Tanna iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Uchimbuzi wake chini ya maji ulianza 1977. Hiyo peke yake ni mihadhara mitatu.

Au achukuliwe Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na baadaye London, na ambaye mapema miaka ya 1960 alikuwa mwakilishi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mchoro wake wa 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York. Mhadhiri wa huko anaweza kueleza rangi na mpangilio wa watu. Lakini ni nani ataeleza mbege inavyopikwa, ulezi unaingia wakati gani, kwa nini pombe hubebwa na kundi la watu badala ya mtu mmoja, na kwa nini kibuyu hicho ni mkataba kati ya koo mbili? Mzee wa Machame akikaa pamoja na mhifadhi wa Dar es Salaam watakuwa na bidhaa ambayo New York haina. Na wapo wanunuzi: Wachaga waliotawanyika kutoka Houston hadi Reading wanaotaka watoto wao wajue, pamoja na wageni waliowahi kupanda mlima na kurudi kwao na hamu.

Suala la malipo si kikwazo tena. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo fedha kutoka ughaibuni huingia katika simu ya mkononi. Kinachohitaji umakini ni hesabu.

Chukulia mfano wa makumbusho yanayouza tiketi kwa Sh10,000 na kupata wasikilizaji 120. Mapato ni Sh1,200,000. Mtoa mhadhara apewe Sh300,000, programu ya mkutano na makato ya malipo yale Sh100,000, matangazo Sh50,000. Yanabaki Sh750,000. Mihadhara kumi kwa mwaka inaleta Sh7,500,000. Lakini wakija watu 40 tu, makumbusho yanapata hasara ya Sh50,000. Kwa gharama hizo, chini ya wasikilizaji 45 hakuna faida, na mkurugenzi anayeanza bila kuijua namba hiyo anacheza bahati nasibu.

Wapo watakaoona kifungu cha kwanza cha kukatwa ni kile cha mtoa mhadhara, kwa hoja kwamba anafanya kwa mapenzi. Hapo ndipo mipango mingi ya namna hii inapoharibikia. Mhadhara wa saa moja unaweza kula siku nne za maandalizi, na mhifadhi anayefanyishwa hivyo bure baada ya saa za kazi atatoa wa kwanza vizuri, wa pili kwa kuchoka, na wa tatu atasingizia umeme. Afadhali alipwe, na akubaliwe kwa maandishi iwapo mhadhara uliorekodiwa utauzwa tena na yeye atapata nini.

Kuna pia suala la picha, ambalo wengi hulikumbuka baada ya kuchelewa. The Metropolitan Museum of Art ilifungua Februari 2017 picha za kazi zake ambazo haki zake zimekwisha muda, na yeyote anaweza kuzitumia hata kwa biashara. British Museum, kwa upande wake, hutoa picha zake nyingi kwa sharti la kutotumika kibiashara. Sasa, mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje umetambua zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi takriban 30 za Ulaya na Marekani. Inaweza basi kutokea mhifadhi wa Nairobi akaomba ruhusa ya kuonyesha picha ya kitu kilichotoka kwa babu zake, ili auze tiketi za kuokoa vilivyobaki nyumbani. Hilo linapaswa kuingizwa katika mazungumzo ya wizara husika na makumbusho ya nje, sambamba na madai ya kurudishiwa vitu vyenyewe.

Hata hivyo ieleweke kuwa mihadhara haijengi paa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la 1883 lililokuwa makumbusho ya visiwa hivyo na mwambao wa Waswahili, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Hakuna idadi ya tiketi za mtandaoni inayoweza kusimamisha jengo la namna hiyo. Hiyo ni kazi ya serikali na washirika wakubwa, na ofisa wa hazina atakayepunguza bajeti ya makumbusho kwa kisingizio kwamba "sasa yanajitegemea" atakuwa ameua maziwa na ng'ombe kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo fedha za mihadhara zipewe kazi ndogo inayoonekana. Sh7,500,000 zinaweza kununua dawa ya mchwa, masanduku ya kuhifadhia na kamera ya kupigia picha vitu vilivyo ghalani ambavyo havijaorodheshwa. Msikilizaji wa Toronto aambiwe kabla ya kulipa kwamba tiketi yake inakwenda kwenye masanduku, na baada ya miezi sita atumiwe picha ya masanduku hayo. Zikitupwa katika akaunti moja na fedha za mafuta ya gari la ofisi, hatalipa mara ya pili, na atakuwa na haki.

Wa kuanzia ni makumbusho yaliyo na mhifadhi anayependa kuongea na mtandao usiokatika. Siku nzuri ni Jumamosi saa 2 usiku kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi. Katika majira ya baridi ya huko, wakati huo London ni saa 11 jioni na Toronto ni saa 6 mchana, wakati Muscat, ambako Waswahili ni wengi, ni saa 3 usiku. Tiketi ya wanafunzi wa ndani iwe ya bei ya chini kabisa, kwa kuwa wao wanalipia na bando juu yake.