Wahudumu wa Ubongo na Kikombe cha Chai



Tunapoutaja ubongo, fikra zetu huelekea kwenye seli za neva, zile zinazowaza, kukumbuka na kuamrisha viungo. Idadi yake kwa mtu mzima hukadiriwa kuwa bilioni 86 hivi. Humo humo kichwani mna seli nyingine, zinazokaribia idadi hiyo, ambazo kazi yake ni kuhudumia. Mwaka 1856 tabibu Mjerumani Rudolf Virchow alizipa jina lenye maana ya gundi ya neva, akidhani kuwa hazina kazi ila kushikanisha. Jina hilo limebaki mpaka leo, ingawa dhana yenyewe imekwisha kupitwa.

Baadhi yake hulisha neva, nyingine husafisha uchafu. Leo tuzingatie zile ziitwazo oligodendrosaiti, alizozieleza Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1921. Seli hizi hunyoosha vitawi vyake na kuuzungushia uzi wa neva tabaka juu ya tabaka za mafuta, mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira. Uzi usiovikwa hupitisha ujumbe kwa kasi ya mita 1 hivi kwa sekunde. Uliovikwa vyema huweza kufikia mita 100.

Seli hizi hazizaliwi zikiwa tayari kwa kazi. Kwanza huwa changa, zikigawanyika na kusambaa ubongoni, hadi zipate amri ya kukomaa. Homoni ya tezi ya shingoni huzitaka ziache kugawanyika, nayo homoni hiyo haitengenezeki pasi na iodini. Neva nazo, mtoto anaposemeshwa na kuchezeshwa, huzihimiza. Kisha huhitaji madini ya chuma, maana kuunda mafuta yale ni kazi nzito. Hakuna seli za ubongo zenye chuma kingi kuzishinda.

Kazi hiyo huanza mtoto akiwa tumboni na huenda mbio katika miaka 2 ya mwanzo. Sehemu ya mbele ya ubongo, penye kupima mambo na kujizuia, haimaliziki mpaka mtu apite miaka 20. Wenye vijana nyumbani hawatashangaa.

Nchini Chile watafiti waliwapima watoto wa miezi 6 waliopungukiwa damu kwa kukosa chuma, wakakuta ujumbe wa sauti ukichelewa njiani kutoka sikioni. Watoto walitibiwa. Walipopimwa tena wakiwa na miaka 4, kuchelewa kule kulikuwa kungalipo.

Hili ndilo linalonikosesha raha nimwonapo mtoto wa mwaka 1 akichovyewa hamri katika chai, na jioni akateremshiwa wali kwa chai ya mkandaa. Gome la mti wa mkandaa husindika ngozi kwa sababu ya tanini yake. Majani ya chai nayo yana tanini, na hiyo hukamata chuma cha mbaazi na mchicha kisiingie mwilini. Mtoto ameshiba, lakini seli zake zimelala njaa.

Anyonye, na Surat al-Baqara imetaja miaka 2 kamili. Kuanzia miezi 6 aongezewe samaki, maini yaliyopondwa na kunde, pamoja na embe au tone la ndimu, kwani vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Mama mjamzito naye asiache vidonge vya chuma anavyopewa kliniki. Vikimtia kichefuchefu, arudi akaseme. Chumvi ya jikoni iwe iliyotiwa iodini, si ya mawe iliyotoka moja kwa moja katika mashamba ya chumvi.

Hata hivyo, msikimbilie kumnunulia mtoto dawa ya chuma dukani. Kisiwani Pemba, penye malaria, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na foliki bila kuchaguliwa kwa kipimo walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Mpelekeni kliniki atolewe damu apimwe kwanza, na usiku alale ndani ya chandarua.