Maduka ya kompyuta yapime RAM mbele ya mnunuzi
Ukirudisha dukani RAM ya kompyuta iliyoharibika, Bukavu ao Goma, jibu ni lile lile: «Ni umeme wa kwenu.» Kweli, umeme wetu unapanda na kushuka ovyo. Lakini kama mashine ina RAM mbili, jaribu moja moja katika tundu lile lile. Mashine ikigoma na ile mpya tu, muuzaji atueleze namna umeme ulivyoichagua hiyo na kuacha ya zamani. Programu ya bure, Memtest86+, inaonyesha makosa ya RAM. Duka liitumie mbele ya mnunuzi kabla ya kupokea dola zake, na namba ya RAM iandikwe kwenye faktire. Leo tunapewa garanti ya mdomo, kisha simu haipokelewi.